Mihogo ya Shamba la Tatu

Chilangala, Newala
12 Julai 2003

Kwa mke wangu wa utani Yasinta,

Nakusalimu wewe na wenzako wote wa bwenini, hata yule uliyesema anakoroma kama mashine ya kusaga. Huku wazima. Mama anakusalimu sana, goti lake limepoa tangu aanze kulisugua mafuta ya nyonyo, na anauliza kama huko Morogoro wanakupa ugali wa mhogo au wanakushindisha na mkate. Baba naye yupo, anakohoa kidogo, ila akisikia vikombe vya chai vinagongana kikohozi kinakatika.

Mimi mumeo nimepanda cheo. Sasa ndiye mnadi wa Bwana Arthur, yule wa mitumba. Siku hizi kila mtu ameruhusiwa kuuza chochote, kwa hiyo wauzaji wamekuwa wengi kuliko nguo, na anayeuza ni mwenye sauti. Spika naishika mimi. Mnada uliopita nimemuuzia koti la baridi mwalimu wangu wa hesabu, yule aliyenifukuza kidato cha pili akisema sitafika popote. Jua lile, mtu anaondoka na koti begani anatabasamu. Nikamwambia, "Mwalimu, limekukaa." Halijamkaa hata kidogo.

Haya, barua yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani umekosea bahasha. Unataka nikusanyie sahihi za wakulima ili nyinyi wanafunzi mdai utafiti uwe wazi. Yasinta, watu huku wanadai maji. Wanadai bei ya korosho. Nyinyi mmeshiba mpaka mnadai karatasi? Na hivyo vitabu si vimejaa huko chuoni, mnashindwa nini kufunua? Nieleze vizuri, mnadi hawezi kunadi kitu asichokijua. Kwa koti naweza, kwa karatasi siwezi.

Sasa nikuachie na la kukutia wivu. Zile pingili za mihogo nilizobeba kwa baiskeli kutoka kwa baba yako Lisekese zimekuwa shamba. Vikonyo vyekundu, majani mapana, mtu akipita njiani anasimama. Wanauliza ni mbegu gani. Mama anasema ni ya mjomba Silvano, mimi nasema ni Fikirini. Jina limeshika, hata watoto wanasema "kule kwenye Fikirini." Chuoni kwenu kuna aliyeitiwa mhogo jina lake akiwa hai?

Mumeo wa utani,
Fikirini

*

Morogoro
3 Agosti 2003

Kwa bwana wangu wa utani, mwenye spika,

Za huko? Mwambie shangazi namwamkia, na ugali wa mhogo ninaota nao. Mjomba wako alinipigia kwenye simu ya dukani wiki iliyopita, anaendelea vizuri, anaezeka upya jiko. Anayekoroma amehama chumba, tunamkumbuka, sasa tunasikia panya.

Umeuliza tunashindwa nini kufunua. Nikueleze taratibu, kama mtu anayemweleza mwanamume aliyeishia kidato cha pili.

Unakumbuka wale wageni waliokuja Lisekese mwaka tisini na mbili, Mzungu mmoja mrefu na Watanzania wawili, wakakaa kwenye jengo la shule? Wewe ulikuwa mdogo, unatembea na kaptura isiyo na kifungo. Mimi nilikuwa darasa la tano. Walichimba mihogo ya baba, wakaipasua vipande, wakaiandika namba, wakachukua majani wakayabana kwenye magazeti. Mama aliwapikia. Mimi niliwatekea maji ya kunawa. Baba akawaachia shamba wachimbe watakavyo, wakaenda zao.

Mwezi wa tano nilikuwa maktaba natafuta kitu cha somo langu kwenye mtandao. Nikakiona. Kichwa cha habari kinasema ni ugonjwa wa mihogo Masasi na Newala, na muhtasari unataja Lisekese. Ilikuwa kama nimeona picha yangu gazetini. Nikabonyeza nisome. Mashine ikaniambia nilipe kwanza, kwa dola, bei ya mbuzi mwenye mimba, kwa kusoma mara moja tu. Nikamwendea mkutubi. Akasema chuo hakilipii jarida hilo, kilishindwa zamani.

Umeelewa sasa? Mihogo ni ya baba yangu. Maji niliteka mimi. Na mimi mtoto wa mwenye shamba, mwanafunzi wa kilimo, sina ruhusa ya kujua walichokiona. Siyo karatasi hiyo moja tu, Fikirini, ni maelfu. Malaria yetu, udongo wetu, korosho zetu, vyote viko nyuma ya mlango ambao funguo zake ziko Ulaya. Ndiyo maana tumeunda chama, tuko wachache lakini tunapiga kelele. Tunawaandikia wenye majarida, tunawaandikia watafiti, tunataka chuo kiseme kwamba utafiti wa kwetu lazima uachwe wazi. Sahihi za wakulima zitatusaidia, kwa sababu wakubwa wanatuambia hivi ni vitu vya wanafunzi tu, mkulima hana haja navyo.

Haya, nadi.

Na hiyo mihogo yako yenye jina, imechimbwa? Ndani ikoje?

Yasinta

*

Chilangala
30 Agosti 2003

Kwa mwanaharakati wangu,

Nakuamkia kwa heshima zote maana naona unapigana na Ulaya peke yako. Mama anakusalimu, ila amekasirika kidogo kwamba ulinitukana kuhusu kaptura, anasema kifungo kilikuwepo, kilikatika siku hiyohiyo. Bibi mzaa baba amepata meno mawili ya bandia kutoka kwa fundi mmoja wa Newala. Hayatafuni, lakini anacheka muda wote.

Kazi yako nimeifanya. Mnada ulipopamba moto nilisimamisha biashara ya suruali nikasema, "Ndugu zangu, kuna wageni walikuja wakachimba mihogo yetu, wakaandika kitabu, na sasa ukitaka kukisoma unauziwa." Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza, "Wanauza mihogo?" Nikasema hapana, wanauza maneno ya mihogo. Akasema, "Basi hao wanatushinda hata sisi wa mnadani." Wakasaini wengi, wengine dole gumba, na Bwana Arthur akanikata posho kwa kupoteza wakati wa wateja. Karatasi nimeiambatisha. Nidai nini kwako? Kwa sasa shukrani inatosha, mahari tutaongea.

Aliyekataa kusaini ni mmoja, na unamjua, Bi Sikudhani jirani yetu. Huyo mama hapokei wala hatoi. Unajua huku pingili za mhogo haziuzwi wala hazikataliwi. Hata niliyegombana naye jana, akija na panga lake kuomba mbegu namwonyesha mstari akate. Bi Sikudhani ukimwomba anasema zake ni za kwake, ukimpa anasema mbegu za watu zina maneno. Watu wanasema ana roho ya korosho mbichi. Mimi nasema hana nafasi tu, shamba lote limejaa uchoyo.

Kinyume chake mimi mumeo. Nimeshaahidi Fikirini kwa nyumba karibu zote za upande wetu. Mvua zikikaribia, kila mtu atakuja kukata. Mwakani ukipita Chilangala utaona vikonyo vyekundu mpaka bondeni.

Umeuliza ndani ikoje. Iko sawa. Mama alichimba shina moja la pembeni, mizizi ilikuwa na madoa kidogo, kahawia, magumu kama kizibo cha chupa. Akakata hayo akatupa, iliyobaki tukala. Mwaka huu mvua zilizidi. Ndiyo mambo ya udongo.

Wako,
Fikirini

*

Morogoro
28 Septemba 2003

Fikirini,

Salamu kwa shangazi, kwa baba, na kwa bibi mwenye meno. Sahihi zimefika, ahsante, wenzangu walishangilia, na dole gumba moja lina alama ya mafuta ya taa, tumeiacha hivyohivyo.

Karatasi ya Lisekese nimeipata. Hatukulipa. Nilimtafuta yule Mzungu mrefu mwenyewe, bado yuko hai, anafundisha kwao. Nilimwandikia barua pepe nikamwambia mimi ndiye mtoto aliyekuwa anawatekea maji. Alijibu siku hiyohiyo, akaituma yote, akaomba radhi, akasema jarida ndilo lililomfunga mikono, ila kumpa mtu mmoja mmoja anaruhusiwa.

Nina mitihani, nitakuandikia vizuri.

Kwa sasa, nakuomba, usigawe zile pingili. Usimpe mtu yeyote.

Yasinta

*

Chilangala
14 Oktoba 2003

Kwa Yasinta binti Silvano,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama zitabaki.

Sasa hiyo ni barua au ni tangazo la mbao mlangoni? "Usigawe." Kwa nini nisigawe? Barua yako imekaa njiani, imenikuta wiki hii, na watu wameshaanza kuandaa mashamba. Kuna waliokwisha kukata, wamezifunga mafungu wameziweka kivulini zikisubiri mvua. Hamidu fundi baiskeli amekata. Mama Reginald amekata, tena amempelekea dada yake kijiji cha pili. Niende nikawaambie nini? "Rudisheni, mke wangu wa utani ana mitihani"?

Huku ukimnyang'anya mtu mbegu uliyompa mwenyewe, hawakuiti mchoyo. Wanakuita jina jingine, unalijua, na hilo haliondoki hata ukihama.

Kisha mama amechimba mstari wa kati. Sikutaka kukuandikia hili. Mashina yamependeza vile, majani yale, ukivuta unapata mizizi minene, ukiipasua ndani kahawia tupu. Beseni zima amemwagia mbuzi, na mbuzi amechagua. Makopa, mihogo yetu mikavu ya akiba, ya mwaka huu yameshika kona ya ghala badala ya ghala zima. Mama hasemi kitu. Anapasua, anaangalia, anaweka. Mama yangu asiposema, unajua.

Sasa nikuulize. Miezi yote umenipigia kelele kwamba kuna watu wamefungia maneno ya mihogo yetu. Nimesimamisha mnada kwa ajili yako, nimekatwa posho. Leo maneno hayo unayo wewe, kwenye begi lako, na unaniambia nisubiri. Wewe na mwenye jarida mna tofauti gani? Yule angalau anataja bei.

Salamu zimebaki kidogo. Mama anakusalimu.

Fikirini

*

Morogoro
1 Novemba 2003

Kwa bwana wangu wa utani,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama posta, nikatafuta mahali pa kukaa. Niamkie shangazi. Mwambie nimesikia habari za beseni.

Mitihani iliisha zamani. Haikuwa mitihani.

Nakwambia sasa. Ugonjwa unaitwa michirizi kahawia. Siyo mvua, siyo udongo. Unasafiri ndani ya pingili. Ukikata mti wa mhogo mgonjwa ukaupanda, umepanda ugonjwa. Na kuna aina za mihogo zinazoficha, majani ya juu yanapendeza, mtu anaipenda, anaiomba, anaibeba, kumbe chini inaoza. Dalili ziko kwenye majani ya zamani ya chini, yana madoa ya manjano kando ya mishipa, na kwenye shina kuna mikwaruzo ya kahawia. Lakini sisi tunakata mbegu majani ya chini yakiwa yameshadondoka, kwa hiyo hatuoni kitu. Wameandika hivyo kabisa, kwamba ugonjwa Masasi na Newala umeenea kwa sababu ya desturi ya watu kupeana mbegu bure. Niliposoma sentensi hiyo nilifunga mashine nikatoka nje.

Walichunguza mashamba mengi. Wameyapa namba. Lililoongoza kwa kuoza, kuliko yote, limeandikwa Shamba la Tatu, Lisekese, lenye mti wa mwembe kona na jengo la shule upande wa chini.

Ni kwa baba, Fikirini.

Unamjua baba. Tangu nikiwa mdogo watu wanakuja kwetu na mapanga yao asubuhi, yeye ndiye wa mbegu, wanamwita hivyo hata kanisani. Hakuna shamba pale Lisekese ambalo halina kitu kutoka kwake. Siku zote anachimba mapema, anasema mihogo yake haipendi kukaa ardhini, watu wanacheka. Alikuwa anajua kwamba inaoza, hakujua kwamba anaugawa ugonjwa. Wale wageni walijua mwaka uleule. Wakaandika, wakafungia, na yeye ameendelea kukata na kugawa mpaka ukaja wewe na baiskeli.

Nitaandikaje barua ya namna hiyo? "Shikamoo baba, mihogo yako ndiyo iliyowanyima watu chakula." Nimeianza mara nyingi.

Nimekuwekea humu tafsiri ya Kiswahili, nimeiandika kwa mkono, yote, pamoja na namna ya kuchagua mbegu na kung'oa wagonjwa. Wasomee Chilangala. Wang'oe, wachome, wasipande hata pingili moja. Lakini nakuomba jambo moja, usiseme ilikotoka. Sema imetoka Masasi, basi.

Kuhusu mimi na mwenye jarida. Hilo umelisema, na wenzangu wa chama wangelisikia wangeniimba.

Yasinta

*

Chilangala
19 Novemba 2003

Kwa Yasinta,

Pole. Nimekusalimia kwa pole kwanza, ya kweli, kisha nakusalimia kawaida. Mama amesikia yote, akasema, "Kumbe siyo mkono wangu." Alikuwa anadhani ni mkono wake umekuwa mbaya kupanda. Muda wote huo.

Sasa habari ya kunadi kitu kibovu. Nimewahi kuuza viatu vya mguu mmoja, lakini hii ilinishinda. Nilishika spika mnadani nikasoma tafsiri yako. Watu walicheka. Walidhani naleta mchezo niuze kitu mwishoni. Hamidu akapaza sauti, "Fikirini, ulivyokuwa unaisifia, leo ina ugonjwa? Au umepata mnunuzi wa pingili huko?" Kwa siku hizi za wanunuzi binafsi, watu wanaamini kila kitu kinanunuliwa, wakaona nataka kuzirudisha niuze. Na jina langu la mhogo limenigeuka. Mtoto mmoja alipasua mzizi uliooza akasema huu una Fikirini. Nimekuwa ugonjwa, mke wangu. Hata mwalimu wa hesabu hakutabiri hili.

Nikaona maneno peke yake hayatoshi. Nikaenda kwa Bi Sikudhani.

Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Nikamwomba aniruhusu nichimbe shina moja kwake, moja tu, nitamlipa chochote. Akaniangalia kama mwizi. Nikamsomea tafsiri yako palepale kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Soma tena pale pa kupeana." Nikasoma. Akasema tena. Nikasoma. Yasinta, alikuwa anafurahi kama mtu anayesikiliza taarabu. "Kwa hiyo wazungu wameandika kwamba mimi nilikuwa sahihi." Nikasema hawajakutaja, bi. Akasema, "Sijali kutajwa. Chimba."

Nikachimba. Myeupe. Mizizi myeupe mpaka moyoni, inavunjika kwa mlio. Hajapokea mbegu ya mtu tangu aolewe, ugonjwa ungeingilia wapi?

Nikabeba mzizi wake mmoja na wa kwetu mmoja mpaka mnadani, nikaipasua mbele ya watu bila kusema neno. Mimi, bila neno. Hapo ndipo Hamidu alipokwenda kivulini kwake akaleta mafungu yake. Akayachoma. Na wengine wakaanza kuleta, siyo wote.

Bi Sikudhani amekubali kutoa mbegu. Usianguke. Ila ana masharti. Mtu haingii shambani na panga lake, anakata yeye. Na kabla hujapewa lazima ukae kibarazani usomewe karatasi yote, usije ukachanganya zake na za zamani. Msomaji ni mimi. Sauti imenikauka, nanywa maji ya moto na chumvi kama mwimbaji.

Lakini wewe unajua lililobaki. Wote wameuliza nilizitoa wapi, na wote wanajua nilizitoa wapi, maana nilitangaza mwenyewe njia nzima. Nikisema Masasi, wanasema "kwa mjomba wake Silvano" kabla sijafunga mdomo. Jumapili mtu anashuka Lisekese kwenye msiba, habari itafika kwa mjomba kupitia midomo ya msibani. Hilo siwezi kuliacha. Kwangu yeye ni mjomba, mimi ndiye nitakayembeba akizeeka. Nashuka kesho kutwa.

Fikirini

*

Morogoro
26 Novemba 2003

Fikirini,

Usiende kwa baba. Nakuomba kama ndugu, utani weka kando. Chuo kinafungwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili, nitakuja mwenyewe, nitamwambia mwenyewe. Hili ni langu.

Natuma kwa mkono wa kondakta, akupe wewe tu.

Yasinta

*

Masasi mjini
3 Desemba 2003

Kwa mke wangu wa utani,

Barua yako ya kusema nisiende imenikuta nikiwa nimeshakwenda na nimesharudi, na sasa nimeteremka tena, naandikia kwenye meza ya watu wa fotokopi hapa stendi. Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Kondakta wako alikaa na barua siku nzima akila mihogo ya kukaanga. Kwa hiyo nisamehe au usinisamehe, ila kaa nikusimulie.

Nilimkuta mjomba juu ya paa, anamalizia jiko lake. Shikamoo mjomba. Marahaba, umeleta nini? Maana kila nikija nakuja kuchukua. Nikasema leo nimeleta. Akashuka.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Njia nzima, kuanzia mteremko wa Newala, nilikuwa naipanga kwa sauti mpaka abiria mwenzangu akahama kiti. Nilipomwona na vumbi la nyasi kichwani, hotuba ikapotea. Nikampa tafsiri yako tu. Akaenda kutafuta miwani, ile yenye uzi, akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa akasoma mwenyewe. Polepole, kidole chini ya mstari. Mama yako akaja akasimama nyuma yake. Mimi nikawa naangalia kuku.

Alipofika penye Shamba la Tatu akasimamisha kidole. Akaangalia mwembe. Akaangalia shule. "Hii namba tatu ndiyo mimi?"

Nikasema ndiyo, mjomba.

Akaikunja karatasi, akaikunjua tena, Yasinta, nikajuta kuzaliwa. Kisha akauliza, "Huu ni mwandiko wa Yasinta?" Ndiyo. "Ameijua lini?" Hapo mumeo nilikumbuka kuwa posta ya nchi hii ni mbovu, nikaisema posta kwa kirefu, nikalaumu mabasi, nikalaumu barabara ya Kibiti. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na barabara. Akasema, "Sawa. Ameogopa." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema mtoto amelala.

Akauliza la pili. "Na wao walijua lini?" Nikasema mwaka uleule walipochimba. Mama yako akasema, "Niliwapikia kuku." Ni hilo tu alilosema, akaingia ndani.

Mjomba alisimama akaenda shambani, nikamfuata. Akang'oa shina la kwanza, akalipasua, akaniachia mimi nilishike, akaenda la pili. Tuling'oa mpaka jua likawa kali. Majirani wakaja kuona Silvano wa mbegu amepatwa na nini. Aliwaonyesha. Hakusema imetoka mbali, hakusema wazungu wamesema, alisema, "Hivi ndivyo nilivyowapa. Nendeni mkapasue vya kwenu." Mmoja alisema pole, mmoja alikasirika kweli, akasema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mtu wa fotokopi anachungulia barua hii begani kwangu. Mjomba alimwitikia yote, ndiyo, ndiyo, ni kweli. Yule alipochoka kusema, akashika jembe akasaidia kung'oa.

Mbegu nimewaahidi kutoka kwa Bi Sikudhani. Atawauliza kama wameshasomewa, ajiandae mtu kwenda kukaa kibarazani.

Sasa sababu ya kuja hapa mjini. Jioni mjomba aliniambia tafsiri ikatolewe nakala nyingi, zibandikwe ofisi ya kijiji, kanisani, msikitini, kwenye chama cha msingi cha wakulima, na mnadani kwangu. Nikamwambia vizuri, mjomba, na hakuna tatizo lolote, maana jina halimo, ni namba tupu, nani atajua. Nilidhani namfariji. Nilikuwa nasema kwa niaba yako pia.

Akavua miwani. Akasema, "Ndiyo inayonisumbua hiyo. Walikula hapa, wakalala hapo shuleni, wakachimba kwangu, halafu wakaandika namba. Mtu akisoma amejua nini? Mwenye mbegu yangu kule Mbuyuni, kule Chiungutwa, atajuaje kwamba hii ni habari yake? Namba haina mlango. Atabisha hodi wapi?"

Nikamwambia, mjomba, lakini ndilo lililooza kuliko yote. Limeongoza.

"Basi liongoze na jina lake," akasema.

Nimefuta Shamba la Tatu kila mahali lilipo, kwa kalamu yangu, na juu yake nimeandika Silvano Optatus, Lisekese, karibu na shule. Mwandiko wangu unaujua, lakini linasomeka. Mtu wa fotokopi ameuliza nakala ngapi nikamwambia asimamishe mashine karatasi ikiisha. Moja nakutumia wewe. Mpelekee yule Mzungu wako mrefu, na umwambie mwenye shamba ameisahihisha.

Fikirini